Unga Uliopunguza Kijijini na Kuongeza Mjini

Unga wa watoto ulikuwa unaliwa na wanaume wazima. Hiyo ndiyo shida yenyewe, haina haja ya kuzungushwa. Serikali ilileta unga wa lishe kwenye zahanati ya kijiji kimoja kando ya njia ya Kitaya (jina la kijiji tumelihifadhi, wanaume wake wameshaaibika vya kutosha), mifuko mitatu kwa mwezi kwa kila mama mwenye mtoto aliyepungua uzito. Mama aliupokea, akaweka sahihi, akaubeba hadi nyumbani. Kutoka nyumbani unga ukapanda pikipiki kwenda Mtwara mjini, na mwenye pikipiki aliitwa Asadi.

Asadi wa Mikindani alikuwa na mdomo ambao angeupeleka benki wangeukubali uwe dhamana. Siku alipouona unga huo kwa mara ya kwanza, alikuwa kijijini hapo kwa shughuli nyingine ya heshima: kuuza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ambayo nusu yake ilikuwa majivu. Wateja walikuwa wagumu. Akiwa amekaa kwenye baraza ya duka, akaona kina mama wanatoka zahanati na mifuko kichwani. Kila mfuko una picha ya mtoto ameshika kijiko, na maandishi mekundu: MALI YA SERIKALI, HAUUZWI.

Mtu mwingine angesoma akaishia hapo. Asadi alisoma akaona bidhaa isiyo na mshindani.

"Ndugu yangu," alimwambia Bakari, aliyekuwa karibu yake anachambua korosho, "shemeji kabeba nini pale?"

"Unga wa mtoto. Wa serikali."

"Wa bure?"

"Wa bure."

Asadi akainamisha kichwa kama aliyepewa taarifa ya msiba. "Bakari, panadol unanunua. Daftari la shule unanunua. Halafu leo, ghafla, watu wanakupikia uji? Hujajiuliza wameweka nini ndani?"

"Wameweka nini?"

"Mimi siruhusiwi kusema." Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema. "Dawa ya uzazi wa mpango. Mtoto akila, ukoo unaishia kwake. Na baba mtu akionja..." Akainua kidole chake cha shahada, akakikunja taratibu mpaka kikalala kiganjani.

Bakari alikitazama kile kidole kama mtu anayetazama jeneza lake likipigwa randa.

Kufika alasiri, wanaume wa nyumba kumi na nne walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyekwenda kumuuliza nesi. Nesi ni mwanamke, na hili lilikuwa suala la wanaume. Asadi akajitambulisha kuwa ni mtaalamu, akajitolea kuupeleka unga mjini ukateketezwe kwenye tanuri maalumu. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya hatari, kila nyumba itachangia kuku mmoja. Na kwa kuwa maneno matupu hayatoshi, kila mmoja alipewa cheti chenye saini, namba ya simu, na mhuri wa zambarau ambao zamani ulikuwa wa chama cha ushirika kilichokufa. Mwanaume wa pale anaweza kumtilia shaka imamu, lakini kilichogongwa mhuri atakiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba.

"Baba Nuru," mkewe Bakari, Subira, alisema jioni ile, "mtoto ana miezi tisa. Huo uzazi wake unautakia nini sasa hivi?"

"Wewe hujui mambo haya."

"Na wewe umeyajulia wapi?"

"Kuna cheti," alisema Bakari, na mjadala ukafungwa.

Huko mjini Asadi alibandika karatasi yenye picha ya simba juu ya picha ya mtoto, akaupeleka unga kijiwe cha kahawa nyuma ya soko. Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa Mzee Abdulrahmani, miaka sitini na mitatu, aliyeoa mke wa pili msimu wa korosho na tangu hapo akawa mtu wa kuwahi sana kutoka nyumbani.

"Unga huu hauuzwi, wazee wangu," Asadi aliwaambia, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilokuwa amelisema mwaka ule. "Mnachonipa ni mchango tu."

Wazee wakachanga. Wakanywa uji asubuhi na jioni. Abdulrahmani aliapa kwamba anajisikia kijana wa thelathini. Basi unga uleule uliolaza vidole kule kijijini, ukifika Mtwara unavisimamisha. Labda ni hali ya hewa.

Mambo yakaenda hivyo miezi miwili. Mwezi wa pili Subira alimpeleka Nuru kliniki. Mtoto aliyekuwa na kilo saba nukta nne alikuwa amebaki na sita nukta sita. Hakulia alipowekwa kwenye mizani. Hilo ndilo lililomtisha nesi Sabra, maana mtoto mwenye nguvu lazima ailalamikie mizani.

"Mama Nuru, unga unampa?"

Subira akasimulia yote: mtaalamu, tanuri, kuku.

Sabra akavua miwani. "Pikipiki yake ni nyekundu? Basi tanuri lenyewe nalijua. Ni tumbo la mjomba wangu Abdulrahmani. Nilimkuta mjini anakunywa uji wa unga ulioletwa na pikipiki hiyo, ananiambia ni siri ya wanaume."

Subira hakwenda kugombana na Bakari. Alizunguka nyumba kumi na tatu kwa kina mama wenzake, na kila mmoja akafungua sanduku la mumewe. Jumamosi asubuhi alifika kijiweni akiwa na Nuru mgongoni na vyeti kumi na vinne vimefungwa kwenye pindo la kanga. Asadi alikuwa pale anagawa mifuko.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti. Karibu."

"Nimekuja kumshukuru mtaalamu. Ametuokolea waume zetu. Mimi kusoma kunanipiga chenga. Baba yangu, nisomee, wenzako nao wasikie wema wake."

Asadi alimtambua, akanyanyua mkono kuichukua karatasi aliyoitoa pindoni. Ilikuwa imeshafika kwa Abdulrahmani, ambaye alisoma kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa: "Nimepokea mifuko mitatu ya unga wa lishe unaoua nguvu za kiume, kwa ajili ya kuuteketeza..." Sauti ikaanza kufifia. "Asadi, Mtaalamu. Na namba hii ni yako."

Wanaume saba walishusha vikombe kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa ana jambo la kujikagua moyoni.

"Huo ni unga mwingine, wazee!" alisema Asadi.

Abdulrahmani akabandua simba kwa ukucha. Mtoto mwenye kijiko akamchekea.

"Wiki nane," alisema mzee polepole. "Wiki nane nakunywa hii. Ndiyo maana juzi..." Akakumbuka kwamba ana hadhira, akanyamaza.

"Nilidanganya kule!" Asadi alipaza sauti, maana ngumi ya kwanza ilikuwa njiani. "Wallahi hauna dawa yoyote! Ni mahindi na soya! Ni wa watoto tu!"

"Wa watoto," alisema Subira. "Haya, nirudishie."

"Mama, chukua hii tisa iliyobaki, tumalizane."

"Hatujamalizana. Nikirudi na mifuko, mume wangu ataitupa. Haniamini mimi, haamini nesi. Anakuamini wewe. Ama uje ukayaseme haya mbele yao, ama vyeti hivi kumi na vinne, na mhuri wako na namba yako, niviache polisi. Chagua, mtaalamu."

Funguo za pikipiki zilikuwa zimeshaingia kwenye mfuko wa kanzu ya Abdulrahmani. Asadi akaenda kwa gari la abiria, amewekwa katikati ya Subira na nesi Sabra, aliyekuwa akiwasubiri stendi.

Kijijini aliongea kwa ufasaha kuliko siku zote, na hakuna aliyemsadiki. Sumu waliipokea kwa dakika tano. Kuitoa ikawa kazi.

"Tutajuaje kama si serikali iliyokulipa leo useme hivi?" aliuliza Bakari.

Asadi alitazama chini. "Mwanangu wa mwisho ana miezi minane," alisema. "Mfuko mmoja kila mwezi nilikuwa nampelekea mama yake. Kanenepa."

Hapo ndipo walipomwamini. Hakuna aliyempiga. Subira akaenda kubandika sufuria. Mtaalamu aliondoka kwa miguu, na tangu mwezi ule uji ukawa unapikwa zahanati, mama anamlisha mtoto palepale na mfuko mtupu unabaki kwa nesi.

Gharama yake ni hii. Mifuko themanini na minne ilitoka zahanati. Tisa ilirudi, miwili alikula mtoto wa Asadi, sabini na mitatu iliishia matumboni mwa wanaume wenye meno. Kuku ishirini na wanane, maana alikuja mara mbili. Pikipiki moja. Watoto kumi na wanne walishuka uzito. Mmoja, wa mama mwenzao Mwajuma, alilazwa hospitali siku kumi na moja. Nuru alipoteza gramu mia nane, akachukua miezi minne kuzirudisha. Wenzake walioshiba walitembea wakiwa na mwaka mmoja. Yeye alitembea akiwa na miezi kumi na tisa.