Kitambaa cha Tangazo la Usalama Kirudishwe Ukutani

Plymouth, Minnesota
Machi 2006

Kwako Ndugu Mhariri wa jarida la jumuiya yetu,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia Watanzania wote wa Minneapolis na Saint Paul, pamoja na majirani zetu Wakenya, kwamba kile kitambaa cheupe cha kroshia kilichofunika tangazo la usalama kazini, kwenye chumba chetu cha chakula, hakipo tena ukutani. Kilichomolewa Jumatano bila kikao. Kuna tukio lililosababisha, ambalo bosi wetu ametuomba tusilirefushe.

Sheria ya huku inamtaka mwajiri abandike tangazo hilo pale kila mfanyakazi atakapoliona. Bosi, Bwana Gary wa kiwanda chetu cha maboksi, alilibandika. Nasi tumelelewa: nyumbani redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina chake. Tungeachaje karatasi ya Serikali ikae uchi? Dada Dativa, wa zamu yetu, akaifumia kitambaa chenye maua pembeni. Bwana Gary alikipenda mno. Alisema huo ndio utamaduni, akakipiga picha, akakataza mtu kukifunua asije akakichafua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo sasa linatukodolea macho tukila. Mtu anamega ugali wake, anakutana na maneno "haki zako". Tonge halishuki.

2. Watu wameanza kusoma. Hemed, ambaye miaka yote alisoma bei za magari tu, amelisoma mpaka chini, akatutangazia mezani kwamba kumbe mfanyakazi anaweza kuwaita wakaguzi wa Serikali, jina lake lisitajwe, wala asifukuzwe. Tulikuwa tunaishi vizuri bila kujua.

3. Kwa sababu hiyo heshima imekufa. Mashine ya kukata maboksi ilivuliwa kifuniko cha visu tangu kiangazi ili kazi iende mbio, na sote tulinyamaza kama watu wazima. Juzi boksi limekwama, Bwana Gary akamwashiria Mumbi atie mkono. Mumbi, Mkenya tuliyemdhania ana adabu, akakunja mikono, akatugeukia: "Mkono wangu nauhitaji ku-drive. Nyinyi wenye ya ziada, karibuni." Hakusogea mtu.

4. Mashine inazimwa kila boksi linapokwama. Kimya kinatanda, watu wanatazamana, wanaanza kuulizana maswali.

5. Hemed anasema Jumatatu anapiga simu. Wakaguzi wakija, kifuniko kitarudi. Kifuniko kikirudi, mwendo utapungua. Mwendo ukipungua, watu watafika nyumbani wakiwa na nguvu, watakaa na watoto wao, na watoto wataanza kuwajibu kwa Kiswahili. Jumuiya haijajiandaa kwa hilo.

Hivyo naomba kupitia jarida lako Dada Dativa afume kitambaa kingine upesi, kirefu zaidi, kifike mpaka kwenye ile namba ya simu ya chini. Bwana Gary amenunua nyuzi kwa mkono wake mwenyewe. Mtu huyu hajawahi kutununulia hata glavu, kwa hiyo mjue jambo limemgusa.

Nisalimie walioko Lakeville kwenye nyumba mpya, mama wa kwaya na vijana wa msikitini, na yeyote atakayeuliza kama bado nipo kazini. Mwambie nipo, kwa leo.

Wako katika kunyamaza,
Elinaja Mshana

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha hii nilipita Cedar-Riverside kwa Dativa kumpelekea nyuzi. Nimerudi nazo. Hemed asisubiri Jumatatu; simu nimeshapiga mimi. Kitambaa kile tulikichomoa ukutani kumfungia Dativa mkono Jumatano, visu vilipompitia. Vidole vilivyobaki havishiki sindano ya kroshia.