Riwaya Moja, Wasomaji Watatu

Jumatatu, 3 Machi
Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza tumegawiwa riwaya moja. Kila mtu nakala yake. Eti tuisome sote, tuijadili, na Jumamosi mwandishi mwenyewe atakuja ukumbini. Mkutubi atachagua mmoja wetu amkaribishe na kumwuliza swali la kwanza. Kitabu kimenona hicho! Ukikifanya mto unaamka na shingo ngumu. Nimejaribu.

Tatizo ni mdomo wangu. Shangazi alipopiga simu nikamwambia nimeshachaguliwa. Yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake. Akalia kwa furaha. Jumamosi anafunga duka, anakuja kunitazama. Sasa lazima nichaguliwe. Kusoma? Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Akili ninazo, nashukuru. Nimewaita wenzangu wa chumbani. Ndefu asome mwanzo, Bonge katikati, mimi mwisho, kisha tusimuliane. Mwisho ni kurasa chache lakini ndio wenye uzito, kwa hiyo nimejitolea. Mnyoofu, yule anayepiga pasi hata soksi, amekataa. Eti atakisoma chote mwenyewe. Basi na akisome, macho ni yake.

Jumatano, 5 Machi
Tumesimuliana. Mimi: mjane kaketi kwenye benchi, kimya, basi. Ndefu: mjane ni dereva wa basi. Sawa. Kisha Bonge. Jamani! Kumbe katikati hospitali inaungua, mjane anapenya kwenye moshi na mgonjwa mgongoni, na mgonjwa mwenyewe ni adui yake! Ndefu alilia. Mimi jasho tu lilinitoka machoni. Nikampigia Shangazi, nikammwagia yote. Akasema chuo kimenikomaza.

Alhamisi, 6 Machi
Mjadala maktabani. Mnyoofu kaongea mpaka mate yakamkauka, mara ukurasa huu, mara ukurasa ule. Mkutubi akanigeukia, akataka kujua kitabu kimenigusa vipi. Akili ikagoma. Nikainamisha kichwa, nikashusha pumzi, nikasema sina maneno. Ukweli mtupu! Mkutubi akavua miwani, akasema huyu ndiye aliyesoma kwa moyo. Nimechaguliwa! Mnyoofu hakugusa chakula.

Ijumaa, 7 Machi
Mnyoofu kaja kitandani kwangu, kajifanya mpole. Eti kitabu amekisoma mara mbili na moto hajauona. Wivu huo! Nikamwambia wanaokimbiza kurasa huruka mambo. Bonge, aliyekuwa akitusikiliza, ghafla akakumbuka ana nguo za kufua.

Jumamosi, 8 Machi
Loo! Shangazi kiti cha mbele, gauni lake kitambaa kile kile cha koti alilonishonea. Nikapanda jukwaani, nikamkaribisha mwandishi, mama mmoja mtaratibu. Nikamwuliza alipata wapi ujasiri wa kuandika ule moto wa hospitali. Akafungua kitabu, akakifunga. Akaniomba radhi: humu hamna moto.

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi akasimama! Akamwambia mwandishi, kwa heshima zote, huenda amesahau, kazi zenyewe nyingi. Mwanawe amekisoma, amemsimulia, naye amewasimulia wateja wake wote. Watu wakazidi kucheka. Akageuka kunitazama, na pale pale akaelewa. Akaketi, akawa anajinyoosha gauni. Niliumia jamani. Heri wangenicheka mimi peke yangu.

Nje akaniuliza jambo moja tu: nimekisoma au sikukisoma? Nikasema nimekisoma kwa kiasi. Hakugomba. Akaomba nakala kwa mkutubi. Akasema atakisoma mwenyewe, nami nikisome, ndipo tutaongea.

Bonge amekiri. Usingizi ulimchukua ukurasa wa kwanza. Moto aliutunga akiwa bafuni.

Jumatano, 12 Machi
Nimeapa kukisoma chote, mwanzo mpaka mwisho. Nimeshaanza! Nimefika kwenye jina la mpiga chapa.

Shangazi kapiga simu. Sijui anashona saa ngapi mtu huyu, kitabu amekimaliza. Nikatumia akili: nikamwacha aongee yeye, mimi kazi yangu kuguna. Mmh. Ehee. Kabisa. Mambo yakanyooka. Akauliza kama nimefika pale mjane anapoolewa na daktari. Nikasema zamani! Akaniuliza tena, polepole. Ili asibaki na shaka nikamwelezea harusi yote, keki, shela, na bwana harusi alivyokanyaga shela ya bibi harusi. Nikaongeza kwamba ukurasa ule nimeurudia mara mbili kwa utamu wake.

Nikamsikia akifunga kitabu. Kisha akasema kesho anapanda basi la kwanza, anakuja huku huku bwenini.

Furaha imemzidi. Amenisamehe huyu!