Peremende za Mama Mkwe

Jumatano, 17 Desemba

Binti yetu Boróka amepiga simu kutoka mji wa Pécs na kutangaza sheria. Krismasi hii hakuna zawadi mpya ya dukani. Kila mtu alete kitu kilichotengenezwa kwa mkono au kitu kilichokwisha kutumika. Eti dunia imejaa takataka. Hatimaye mtoto amerithi akili yangu! Miaka thelathini nimetoa zawadi kuukuu na kuitwa bahili. Sasa mimi ni mtu wa kisasa.

Furaha ilidumu dakika nne. Mke wangu Ilka alikuwa anamenya viazi. Akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye hataki kitu, ila angetamani kuonja tena peremende za mti wa Krismasi za mama yake. Mama Rozália alifariki Aprili. Kila Krismasi alipika sukari mwenyewe, akaikata vipande, akavifunga kwa karatasi nyeupe yenye ndevu pande mbili na kuvitundika kwenye mti. Vilikuwa vya wanawe wawili tu. Mimi mkwe sikuwahi kuonjeshwa hata kimoja.

Halafu Ilka akalia, machozi yakidondokea maganda ya viazi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikaapa palepale: nitazipika mimi. Akaacha kumenya, akanitazama. Mara ya mwisho kunitazama vile tulikuwa tunafunga ndoa.

Nimefanya nini mimi?

Alhamisi, 18 Desemba

Shemeji Gáspár, kaka yake Ilka, amekuja kuazima ngazi. Gáspár ana mikono ya dhahabu, na hatuwezi kusahau kwa sababu anatukumbusha. Anamchongea dada yake bakuli la mti wa jozi. Akauliza mimi natoa nini. Nikamwambia.

Alicheka mpaka ikabidi aishike ngazi. "Wewe, shemeji? Wewe unayeita jirani aje kubadilisha balbu?" Nikamkumbusha kwamba balbu ile ilikuwa juu sana. Akasema Ilka akiweza kumaliza peremende yangu hata moja, yeye ataosha vyombo vyote vya sikukuu, pamoja na sufuria la mchuzi wa samaki. Asipoweza, nitaosha mimi. Tukapeana mikono. Yake ina nguvu bila sababu.

Ijumaa, 19 Desemba

Ilka ameenda kwa msusi. Saa mbili nzima, mimi na jiko. Mama mkwe hakuacha maandishi yoyote, lakini sukari ni sukari! Sukari, maziwa, moto, subiri. Nikasubiri. Wakati nasubiri nikafungua fumbo la maneno gazetini. Mto wa Ulaya, herufi tano. Nikakuna kichwa kwa muda. Nilipoinua macho sikuliona jiko kwa moshi.

Sukari imekuwa ya kahawia, upande mmoja karibu nyeusi, na imeshikana na sufuria kama iliyozaliwa humo. Nikajaribu kisu. Kisu kimevunjika. Nikaleta nyundo. Vipande viliruka hadi juu ya kabati. Vinafanana na kokoto za reli, nami nilithubutu kulamba kimoja. Kichungu! Nimevitia vyote mfukoni na kuvificha bandani nyuma ya kuni, pamoja na sufuria.

Ilka aliporudi akanusa, akauliza nini kimeungua. Nikasema ni kwa jirani. Akaenda kumpa jirani pole.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani.

Jumamosi, 20 Desemba

Sokoni. Pembeni ya wauza samaki, bibi mmoja mwenye kilemba cha sufu anauza peremende alizopika nyumbani. Nyeupe, laini, zinanukia vanila. Sheria inasema zitengenezwe kwa mkono. Haikusema mkono wa nani! Isitoshe, zikishakaa kwangu siku nne, je, si zitakuwa zimekwisha kutumika? Pande zote mbili za sheria nimezitimiza. Nimechukua arobaini.

Jioni nimezifunga upya kwa karatasi nyeupe. Ndevu nimezikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Nyingine ndefu, nyingine zimenyolewa kabisa. Hii ni kazi ya mikono yangu, asije mtu akaniambia vinginevyo! Nimezificha kwenye kabati la viatu.

Nimeonja moja. Mpishi lazima aonje.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeonja nyingine tisa.

Haionekani. Kila mtoto wa nchi hii anaujua ufundi huo: unafungua karatasi upande mmoja, unatoa peremende, unapuliza kidogo, unasokota. Ikining'inia kwenye mti, utaapa imejaa. Mimi niliujua nikiwa na miaka mitano, na ndio ufundi pekee mikono yangu iliowahi kujifunza.

Gáspár amepita kuuliza kazi inaendeleaje, uso umejaa huruma ya uongo. Nikamwonyesha sanduku la peremende, kwa mbali. Akasahau kucheka. Raha iliyoje! Nikasherehekea kwa nne.

Jumanne, 23 Desemba

Ilka amepiga pasi kitambaa cha meza cha mama yake. Halafu akaja kuketi karibu nami na kusema, "Vendel, nikwambie kweli. Mwaka huu nilitaka Krismasi ipite tu, nisiione. Sasa naingoja." Akanibusu kipara.

Moyo uliniuma sana. Ningesema ukweli pale pale, lakini ukweli ungemharibia siku. Nikaenda kwenye kabati la viatu kujituliza. Nilijituliza kwa muda mrefu.

Jumatano, 24 Desemba, mchana

Ilka kaenda kwa kaka yake, maana mti huletwa na malaika na hakuna ruhusa ya kuwaona wakifanya kazi. Malaika ni mimi. Nikapanda kiti, nikatundika. Mbona mti mwepesi hivi? Nikaminya peremende moja. Tupu. Ya pili. Tupu. Nikaminya zote arobaini. Upepo mtupu!

Kwa dakika nzima nilimshuku Gáspár.

Soko limefungwa tangu adhuhuri. Maduka yamefungwa. Saa tisa sasa, wageni saa kumi na moja. Nikakimbia bandani. Nikazifuta kokoto vumbi la kuni, nikaziingiza, kokoto moja karatasi moja. Matawi yameinama. Ee Mola, mshibishe mke wangu samaki asitamani tena kitu kingine!

Alhamisi, 25 Desemba

Mola hakumshibisha.

Jana jioni tulikula mchuzi wa samaki, Boróka akapiga kengele ya kutangaza kwamba malaika wamemaliza, tukaingia chumba chenye mti, tukaimba. Ilka akapewa bakuli la Gáspár. Kila mtu alilipapasa. Hata mimi nililipapasa, bila kupenda. Kisha Ilka akauendea mti na kufungua peremende. Nikaangalia zulia. Gáspár alikunja mikono kifuani akingoja burudani.

Kikasikika kishindo, meno kwenye jiwe. Machozi yakamlengalenga, nami nikaanza kuwaza daktari gani wa meno hufungua Krismasi. Akajiketisha sakafuni, pembeni ya mti. Akasema, "Ni zenyewe."

Nikauliza zenyewe zipi.

Kumbe Mama Rozália aliunguza sukari kila mwaka! Kila mwaka, miaka hamsini! Aliona haya, ndiyo maana hakuna mkwe aliyeonjeshwa, na wanawe aliwaapisha wasiseme. Watoto walizimung'unya jioni nzima ili wasimvunje moyo, mpaka wakazipenda. Gáspár akachukua moja. Akaimung'unya. Akageukia dirisha, akakaa huko. Aliporudi akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, mpaka ule uchungu wa mwisho umeupata." Nilitaka kumkumbatia. Nilipatwa na aibu nikakohoa.

Ilka alimaliza yake yote, akanishika mkono mbele ya watu na kuuliza niliwezaje. Ukweli ulinifika kooni. Nikaumeza. Nikasema ni siku tatu za jasho, na kwamba uchungu una kipimo chake.

Gáspár ameosha vyombo. Nilisimama nyuma yake nikimwonyesha alipoacha mafuta.

Jumamosi, 27 Desemba

Ilka anataka nyingine za Mwaka Mpya, na safari hii tupike pamoja. Eti mimi nikoroge, yeye aketi jikoni anisimulie habari za mama yake. Anasema hiyo ndiyo zawadi anayoitaka hasa. Nilitikisika, nakiri. Lakini akiniona nikipika atajua sijui kupika! Nikamwambia siri ya mpishi haina watazamaji. Akaitikia tu, akaenda kukunja kitambaa cha meza.

Kuunguza sukari naweza, hilo limethibitika. Lakini kwa nini nijichoshe? Nimenunua dukani peremende nzuri, kilo mbili. Kesho Ilka akienda kanisani nitazitia kwenye oveni mpaka ziharibike sawasawa. Mpango hauna hata tundu moja. Nimezificha nyuma ya viatu vya mvua.

Zimebaki kilo moja na nusu.