Zenkawa Pekee ya Gikondo

Laurean aliliona gari la kijivu likikohoa mbele ya duka lake Gikondo, na roho yake ikasuuzika. Lilikuwa la zamani, lakini limesuguliwa likang'aa. Mwenye gari la namna hiyo ana mapenzi nalo, na mwenye mapenzi hana akili. Hivyo ndivyo Laurean, mzaliwa wa Bukoba, alivyolisoma soko la Kigali kwa miaka sita, na soko halikuwahi kumwambia amekosea.

Biashara yake ilikuwa inteki, yaani lile bomba na chujio lake linaloingiza hewa kwenye injini. Kabatini alikuwa na Zenkawa moja, orijino, ya jina. Ilikuwa moja tu, tena haikuwa ya kuuzwa. Kila mteja aliishika, akaipima uzito, akalipa laki tatu. Kisha Laurean akampeleka kwa jirani kunywa chai ya maziwa, na huku nyuma fundi Dennis akafunga bomba lisilo na jina, la elfu thelathini na tano, lililobandikwa nembo ya Zenkawa. Orijino ikarudi kabatini kumsubiri mwenye heri mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa jembe lake na shamba lake. Bila hiyo, Laurean angebaki na mdomo tu, na midomo Gikondo ni mingi mno.

Kutoka kwenye gari alishuka mwanamke wa makamo aliyevaa koti la ofisini. Kwapani alibana faili jeusi, na shingoni alining'iniza kamba ya kitambulisho ambayo ncha yake ilizama mfukoni.

"Mwaramutse," alisalimia. "Mimi naitwa Umulisa. Nasikia kwako iko inteki ya ukweli."

"Umefika, dada yangu. Ishike mwenyewe. Hii ukilivalisha gari, linavuta hewa ya Ujapani."

"Hewa si ni ya hapa Kigali?"

"Inaingia ya Kigali, dada. Inafika kwenye injini imeshasoma."

"Na ile ya bei kidogo?"

"Ile?" Laurean alilitazama bomba lisilo na jina kwa huzuni. "Ile inapitisha vumbi, mchanga na nzi. Mimi naiweka hapo ili watu wajue dhambi inafananaje."

Umulisa akafungua faili, akaandika.

"Unaandika nini, dada?"

"Naandika tu. Hii ya ukweli iko bei gani?"

"Laki tatu."

Akaandika. "Duka ulifungua mwaka gani?" Aliuliza kwa upole, kama anaulizia nyanya. "Na risiti ya EBM utanipa?"

Hapa yafaa tusimame kidogo kwa heshima. Risiti ya EBM ni ile ya mashine, ambayo habari zake huwafikia watu wa kodi kabla karatasi haijapoa. Laurean angeweza kubishana na simba akamuuzia inteki. Lakini mashine hakuwa nayo, wala hakuwahi kuwa nayo.

"Mashine imeharibika."

"Tangu lini?"

"Tangu... jana."

"Jana," alisema Umulisa, akaandika na kupigia mstari.

Mungu wangu, watu wa kodi! Jasho lilimteremka Laurean mpaka kwenye mkanda.

"Twende kwanza tukanywe chai, mama." Dada alishakuwa mama, hofu hupandisha watu vyeo bila barua.

"Oya, hapana, chai nilikunywa. Nasimama hapa, naangalia fundi."

Akasimama kweli, pua yake ikikaribia kuingia ndani ya boneti. Dennis akamtazama bosi wake kwa jicho la kuuliza: ipi? Laurean akapima haraka. Kukamatwa bila risiti ni faini. Kukamatwa bila risiti na feki mkononi ni kufuli mlangoni. Akamkabidhi Dennis ile Zenkawa, na vidole vyake vikachelewa kidogo kuiachia.

"Sasa laki tatu bila risiti," alisema Umulisa, kalamu ikingoja, "naiandika aje?"

"Usiandike laki tatu, mama! Leo kuna ofa."

"Ya ngapi?"

"Elfu thelathini na tano."

"Iyo si bei ya ile ya nzi?"

"Ni bei ya upendo, mama."

Umulisa akalipa noti taslimu, akashukuru kwa Kinyarwanda fasaha. Dennis akafunga boneti, akapakia sanduku la spana kwenye buti, kisha akaketi kiti cha mbele na kufunga mkanda.

"Dennis! Unakwenda wapi?"

"Ndera, bosi. Nimepata kazi."

Umulisa akashusha kioo. "Nafungua duka huko. Ya kuonyesha watu sasa niko nayo. Zile za nzi, nikichukua ishirini, unanifanyia ngapi?"

"Wewe si mtu wa kodi?"

"Mimi? Nilisema lini? Nashona unifomu za shule. Faili iko na vipimo vya watoto."

Laurean alifungua mdomo awatukane wote wawili pamoja na koo zao. Aliumia, tena aliumia kweli, maana alikuwa ameibiwa na watu aliowakaribisha mwenyewe. Kisha akageuka, akaliona kabati tupu, na chini yake maboksi matatu ya mabomba yasiyo na jina ambayo sasa hakuna mtu angeyanunua kwake.

"Elfu ishirini na mbili kila moja," alisema. "Nembo utabandika mwenyewe."