Sisi Watola wa Iguguno

Jumamosi, 2 Juni 1951
Fedheha! Wazee wa upande wa Nathanaeli wamekuja leo kumposa binti yangu Lea. Wakanywa togwa yetu yote. Kisha Kefa, baba mdogo wa kijana na msemaji wao, akajifuta mdomo na kuanza kutaja mababu zake mmoja mmoja, mpaka mbwa wangu akalala. Alipomaliza akaniuliza: na ninyi, Mzee Zefania, ukoo wenu ni upi hasa?

Nikakohoa. Ukweli ni kwamba babu yangu alifika hapa akimtafuta mbuzi aliyepotea, hakumpata, akaona aibu kurudi kwao. Historia yetu yote ndiyo hiyo. Nikasema habari ni ndefu, warudi Jumamosi ijayo. Kefa akatabasamu. Namjua yule! Anamtakia Nathanaeli binti wa rafiki yake.

Mke wangu Selina anasema ningewaeleza tu habari za mbuzi. Ajabu ya mwanamke huyu!

Jumapili, 3 Juni
Bwana asifiwe. Mahubiri yalikuwa marefu, nikawa nafunua Biblia ovyo. Hesabu, sura ya ishirini na sita: majina, majina, majina. Kila mtu huiruka sura hii. Mimi sikuiruka, na humo nikawakuta: Tola, jamaa ya Watola, wana wa Isakari. Watola! Jina fupi, tena tamu mdomoni. Huko mbele, katika Mambo ya Nyakati, wanaitwa mashujaa. Iguguno nzima hakuna aliyewahi kuwasikia, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

Kuanzia leo sisi ni Watola. Babu alitokea Misri. Mbuzi nimemwondoa.

Jumanne, 5 Juni
Nimefanya mazoezi mbele ya jirani yetu Stumai. Kaniuliza bahari waliivukaje. Nikamwambia waliizunguka. Kaniuliza kwa nini basi walipofika huku wakaacha kusema Kiebrania wakasema Kinyiramba. Nikamwambia njia ilikuwa ndefu. Nadhani kaamini, maana alikwenda zake bila kuaga.

Lea naye anataka kujua Tola maana yake nini. Nimemwambia shujaa. Kaniuliza nani kaniambia. Binti huyu anauliza mno. Heri aolewe.

Jumamosi, 9 Juni
Siku mbaya kuliko zote.

Wazee walikuja, na Kefa akamleta Mchungaji Simeoni, eti awe shahidi. Sikujali. Nikasimama, nikawatoa Watola Misri, nikawapitisha jangwani, nikawafikisha Iguguno na kuwajengea nyumba. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee Yeremia, babu wa kijana, alifumba macho kabisa. Kefa akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Ningekaa chini wakati ule! Lakini nikaongeza kwamba Tola maana yake ni shujaa. Kefa akamgeukia Mchungaji, ambaye alifundishwa Kiebrania kidogo chuoni, akamuuliza kama ni kweli.

Mchungaji akajikuna shingo. "Ni funza," akasema.

"Funza gani?"

"Tola, Mzee Zefania. Kwa Kiebrania ni funza. Mdudu. Neno ni lile lile la Zaburi: mimi ni mdudu wala si mtu."

Kefa akacheka mpaka togwa ikammwagikia. Akasema ukoo wao haujawahi kuoa kwa funza na hautaanza leo. Wakaondoka wakisema watafikiri. Lea akakimbilia jikoni. Nilidhani anacheka. Selina kasema analia.

Jumapili, 10 Juni
Nilipoingia kanisani, benchi zima liliinua miguu juu. Watu wazima!

Baada ya ibada Mchungaji kaniita pembeni, kanionea huruma. Kasema kuna jambo hakuwahi kulimaliza jana. Mdudu yule wa kale alikaa kwenye miti, watu wakamkusanya, wakamkausha na kumponda, wakapata rangi nyekundu ya thamani kuliko zote. Ndiyo iliyotiwa kwenye mapazia ya hema la Mungu na mavazi ya makuhani. Huenda Tola alipewa jina kwa ajili ya rangi hiyo. Hakuna anayejua kwa hakika. Akaendelea kusema kwamba hata hivyo hakuna aibu katika kusema ukweli, na kwamba... Sikungoja. Nilikuwa nimeshapata wazo.

Jumatatu, 11 Juni
Nimenunua rangi nyekundu dukani. Wazee wakirudi watatukuta tumevaa kama makuhani, nyumba nzima! Kefa atapiga magoti.

Selina alikuwa shambani akivuna uwele. Nikabandika chungu kikubwa, nikatia shati langu, gauni la Lea, na nguo zote nyeupe nilizozikuta kapuni. Sikubana matumizi.

Kumbe kapu lile lilikuwa la kanisa. Selina ndiye huwafulia. Kanzu ya Mchungaji na kitambaa cha meza ya Bwana vimekuwa vyekundu. Si vyekundu hasa. Vina rangi ya fizi. Mikono yangu pia, mpaka kwenye viwiko.

Jumatano, 13 Juni
Selina hasemi nami. Akitaka jambo anamwambia kuku nami nikisikia.

Wazee wamekuja kutoa jibu, na Nathanaeli mwenyewe wamekuja naye. Niliificha mikono nyuma, lakini Mzee Yeremia alinyoosha wake anisalimie, nami nitafanyaje? Shikamoo, nikasema, nikampa mkono mwekundu. Akautazama. Kefa akavuta pumzi aanze.

Hapo Lea akatoka ndani. Akapiga magoti, akawaamkia wote, kisha akasema bila kutetemeka: "Babu zangu, sisi si Watola. Babu yake baba alikuja kutafuta mbuzi, akamkosa, akabaki. Baba alisema uongo kwa sababu aliogopa nitaonekana sina kwetu. Kama hamnitaki, basi nikataeni kwa sababu ya mbuzi, si ya funza."

Nilitamani nimezwe na chungu. Kefa akaanza tena habari za mababu. Mzee Yeremia akamkata. Kasema amechoka na mababu, wa kwao na wa kwetu. "Tumekuja kuoa, hatukuja kuhesabu makaburi. Binti huyu namtaka."

Nathanaeli alisimama haraka hata akaangusha kigoda. Selina alipiga vigelegele. Mimi nilisema nina vumbi machoni.

Jumapili, 17 Juni
Ndoa imetangazwa kanisani. Mchungaji aliitangaza akiwa ndani ya kanzu yake ya rangi ya fizi. Alinitazama mara moja tu, lakini ilitosha.

Nimetafakari yote na kuona kwamba mpango wangu ulifaulu. Bila Watola, Lea angepata wapi nafasi ya kusema vizuri vile?

Sasa nafikiria mjukuu wa kwanza. Jina nimelipata leo wakati wa mahubiri, katika Samweli: Nabali! Tajiri mkubwa sana, kondoo elfu tatu, mbuzi elfu moja. Mtoto ataanza maisha na mifugo. Selina kaniuliza, safari hii bila kuku, kama nimesoma mpaka mwisho, maana hapo chini mke wa tajiri mwenyewe anasema jina lile maana yake ni mpumbavu. Nimemwambia sina haja ya maneno ya mke wa mtu. Kesho nakwenda kumwambia Kefa.