Ngazi Iliyobarikiwa Ikatoweka

Sogezeni viti, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali acheni kwanza hayo mnayoyafanya, kwa maana inakuja habari ambayo waandishi wa wafalme wakiisikia watavunja kalamu zao na kutafuta kazi nyingine. Sitawasimulia vita vya milimani wala farasi waliovuka mito. Nitawasimulia jinsi Yilkal mwana wa Tadege, simba wa ghorofa ya tatu, mshika kipanya kwa mkono wa kulia na bisi kwa wa kushoto, alivyoipoteza ngazi na alivyoipata, huku kahawa ikimiminwa. Kama mna kazi ya maana, nendeni. Mimi sina, ndiyo maana naandika tarehe za mashujaa.

Katika mji wa Addis Ababa, katika ofisi ya Injinia Demisew, shujaa huyu alikuwa amechora kwa wino na rula, tangu ujanani hadi mvi, nyumba zilizobuniwa na wengine. Wengine walifikiri, yeye alipiga mistari. Kompyuta zilipoingia aliapa hatazigusa, kisha akazigusa, kisha akaanza kujigamba kwazo, na katika hayo yote ni kiapo tu alichokifanya kwa akili. Hatimaye Injinia akamwachia kitu kimoja akibuni mwenyewe: ngazi ya nyumba ya Weyzero Yeshimebet, yaani Bi Yeshimebet, bibi aliyerudi nyumbani kutoka Norway na goti bovu. Nayo ilikuwa ngazi! Ilipanda taratibu, ikafika katikati ikatulia kwenye kibaraza kipana chini ya dirisha, mahali pa kuweka kigoda, mkaa na birika la udongo, ili mwenye goti apumzike, anywe kahawa, ndipo amalizie kupanda. Yilkal aliiwaza hata akinawa uso. Kila asubuhi alifungua faili ili aitazame tu, kisha akajicheka na kuanza kazi.

Sasa jueni kwamba katika programu ile ya kuchorea kila kitu hulala kwenye tabaka lake. Kuta zina lao, milango lao, samani lao, na ngazi lao. Na kando ya jina la kila tabaka vimepangwa vijipicha: taa, kufuli na jua. Taa Yilkal aliijua: ukiizima, kitu kinafichika. Kufuli alilijua: ukilifunga, kitu hakiguswi. Jua hakuwahi kuuliza ni la nini, kwa sababu kuuliza kungesikika.

Jumatano moja, siku ya mfungo, kidole chake kiliteleza juu ya jua la tabaka la ngazi. Jua likageuka. Mahali pake pakatokea alama ndogo nzuri, mikono yake ikizaa mikono mingine, sawasawa na ile misalaba ambayo mapadre wa huko huishika mkononi na watu huibusu. Moyo wa shujaa ukalainika. Akasema moyoni kwamba waliotengeneza programu hii, popote walipo, ni watu wenye kumcha Mungu, wakaweka na mahali pa mtu kuibariki kazi yake. Dirisha la matabaka lilikuwa limeifunika nyumba yote, kwa hiyo hakuona kilichotokea nyuma yake. Akafanya ishara ya msalaba, akahifadhi faili, akalifunga, akaenda kula shiro, mchuzi wa unga wa dengu.

Aliporudi, majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, na Bezunesh, mchoraji mwenzake wa meza ya pili, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kahawa, anapepea mkaa. Yilkal akafungua faili. Kuta zikasimama, milango ikafunguka, hata sinki la jikoni likaitikia wito. Lakini pale palipokuwa na ngazi hapakuwa na kitu. Ghorofa ya juu ilining'inia peke yake bila njia ya kuifikia.

"Ewe ngazi!" akalia simba wa ghorofa ya tatu. "Ewe binti wa usiku na mchana wangu, ni jeshi gani limekuteka? Nimekukosea nini hata ukaniacha na nyumba ya ndege?"

"Gash Yilkal, unaongea na nani?" akauliza Bezunesh bila kugeuka, kwa lile "Gash" la kumheshimu mkubwa.

"Naongea na historia."

"Basi iambie historia kikombe cha kwanza kiko tayari. Kuna nini hapo? Lete nikuangalizie."

"Niangaliziwe? Mimi? Mimi niliyechora hospitali nzima kwa wino bila tone kudondoka?" Akaifunika skrini kwa kifua chake, kifua ambacho hakikutosha.

"Haya baba. Kunywa, isipoe."

Akanywa, akaingia vitani. Alizima taa zote kwa pigo moja, nyumba ikaanguka bila kishindo. Akaziwasha zote, ikafufuka, bila ngazi. Akawasha hata matabaka ambayo hakuna aliyekumbuka yaliwekwa ya nini. Vitanda vikamiminika kutoka vyumbani, miti ikaota sebuleni, gari likaegeshwa juu ya choo. Akaamuru yote yarudi nyuma, nayo yakarudi, ila ngazi haikuwa miongoni mwa waliotoka wala waliorudi. Kila alipolitazama tabaka lake aliona taa inawaka, kufuli liko wazi, na msalaba umetulia. Jasho likamtoka, na hapa niseme wazi, aliogopa kwelikweli.

Injinia Demisew akaingia. "Weyzero yuko chini, anapanda. Lifti imekufa tena." Akainama mbele ya skrini. "Mbona hakuna ngazi?"

"Imejificha kidogo."

"Taa imewaka?" Injinia aliijua programu kwa kuisikia, na hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila ugonjwa.

"Imewaka."

"Kufuli?"

"Wazi. Na msalaba upo. Nimeibariki mwenyewe, Injinia, haiwezi kupotea."

Injinia, mtu wa mfungo, hakutaka kubishana na msalaba. Alikohoa. "Basi imefutika. Weka ile ya kawaida, ile tuliyoitumia kwenye nyumba za Gerji. Inapanda moja kwa moja, imekwisha."

"Ile haina pa kupumzikia."

"Na hii yako haina pa kukanyagia, Yilkal. Akimaliza kikombe cha pili namwonyesha nyumba. Nyumba yenye ngazi."

Mlango ukafunguliwa, Weyzero Yeshimebet akaingia akitweta, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukutani. "Nani alichora ngazi za jengo hili?" akasema. "Mleteni nimsalimie kwa fimbo. Zinapanda tu, kama zinafukuzwa!"

Akaketi karibu na Yilkal, akapewa kahawa na bisi, akaanza kunywa polepole. Shujaa akaileta ngazi ya Gerji kutoka mchoro wa zamani, ndefu, iliyonyooka, isiyo na huruma kwa goti la mtu. Kipanya kikawa kizito mkononi mwake. Aliona kigoda kikiondoka, na dirisha, na birika, na kitu pekee alichowahi kukibuni duniani kikienda pasipojulikana, na akaumia. Kando yake kikombe cha pili cha bibi kilikuwa kinakaribia mashapo.

Ndipo bibi akaisogelea skrini, akakunja uso.

"Jamani, na hii imenifuata mpaka huku?"

"Ipi, mama?"

"Hii hapa. Theluji."

"Huo ni msalaba, mama," Yilkal akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni.

"Msalaba! Ndugu yangu, hii nimeizoa kwa koleo mlangoni kwangu kila asubuhi ya baridi. Ilinivunja goti. Utaniambia mimi siijui sura yake? Hivi ndivyo wanavyoichora kule, kwenye madirisha, kwenye soksi, hata kwenye friji."

Neno friji likampiga Yilkal katikati ya paji la uso. Akatazama alama. Akatazama jua lililong'aa kando ya tabaka la kuta, la milango, la samani, kila moja na jua lake. Ni ngazi tu iliyokuwa kwenye baridi.

"Kumbe sikuibariki," akasema polepole. "Nimeigandisha."

Bezunesh alishika mdomo, akashindwa, akacheka hadi bisi zikamwagika majanini. Lakini tazameni sasa mkono wa Yilkal mwana wa Tadege! Uliinuka, ukasafiri juu ya meza, ukapita kikombe bila kukimwaga, kidole kikashuka juu ya theluji, mara moja tu. Theluji ikayeyuka, jua likachomoza, na ngazi ikarudi mahali pake, hatua kwa hatua, na kibaraza chake chini ya dirisha. Ile ya Gerji ikafukuzwa ilikotoka.

Weyzero Yeshimebet akaitazama kwa muda. Akaifuata kwa kidole kutoka chini, akafika katikati, kidole kikatulia.

"Hapa ni pa nini?"

"Pa kigoda chako, mama. Na mkaa. Goti likichoka."

Bibi alikitoa kidole, akajifuta jicho kwa ncha ya shuka jeupe alilojitanda, akamgeukia Bezunesh. "Mimina cha tatu," akasema. "Hiki nakinywa hapa, vingine nitavinywea pale." Na kikombe cha tatu, kama wajuavyo wote wanywao kahawa huko, jina lake ni baraka.

Hayo ndiyo makuu yaliyotendeka, nami nimeyaandika yasije yakasahaulika kwa wajukuu, ingawa wajukuu hawajaniuliza. Falme hupata sanamu na barabara. Yilkal alipata neno. Tangu siku ile, katika ofisi ya Injinia Demisew, hakuna anayesema tena kwamba amegandisha tabaka. Samani zikizidi kwenye mchoro, mtu hupaza sauti kutoka meza ya mbali, "Gash Yilkal, hebu zibariki hizi!" na shujaa, akicheka kabla ya wote, huzibariki, zikatoweka.