Chilla ya Mke Wangu na Daftari Lenu

Mtaa wa Waokaji, karibu na mfereji wa pili,
Bonde la Fergana.
Ijumaa, 19 Septemba

Kwa Profesa Nizomiddin,
Mkuu wa Masomo ya Uzamili.

Mheshimiwa,

...na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimweleza karani wako, Bi Sanobar, siku ya Jumatatu kabla hajanishushia pazia la dirisha: mume na mke wakishaoana ni kitu kimoja, kwa hiyo mkono wangu ni mkono wa Hulkar na sahihi yangu ni sahihi yake. Sikumaliza hoja yangu. Naimalizia hapa, kwa kuwa barua haina pazia.

Mimi ni Mirkomil, mwokaji wa mikate ya tanuri, elimu yangu ya sekondari. Hulkar ni mwanafunzi wako wa uzamili, mwaka wa pili, anayechunguza ugonjwa wa kutu ya ngano. Tumeoana siku ishirini na mbili zilizopita. Tafadhali isome sentensi hiyo mara ya pili, kwa raha tu, kama ninavyoisoma mimi. Jina lake ni la nyota za Kilimia. Siku ya kwanza alipokuja tanurini aliniuliza natumia unga gani, nami nikamjibu, "Ndiyo." Tangu hapo sijawahi kuwa na akili timamu, wala sizitaki.

Basi mwanamke huyu ndiye ambaye chuo chako kinataka kumfuta. Bi Sanobar amesema kwamba asiyetia sahihi daftari la usajili kwa mkono wake mwenyewe kufikia tarehe ishirini na tano, jina lake linaondolewa, na akitaka kurudi aombe nafasi upya kama mtu aliyeokotwa barabarani. Tarehe hiyo Hulkar atakuwa na siku ishirini na nane tu za chilla. Wewe ni mtu wa bonde hili, sina haja ya kukueleza kwamba kwa siku arobaini bibi harusi hatoki langoni. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuivunja, na mama yangu ndiye mlinzi wake mkali kuliko wote. Akisikia bawaba ya lango tu, anauliza nani anakwenda wapi. Nilipomsimulia maneno ya Bi Sanobar alihuzunika sana. Aliniuliza mara tatu ni dirisha lipi na linafunguliwa saa ngapi, kama mtu anayeuliza habari za hospitali.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitabu chenu cha kanuni. Nilikisoma chote unga ukiwa unaumuka, nao ulipanda kuliko moyo wangu. Ukurasa wa kumi na nne unasema mwanafunzi anaweza kuahirisha usajili kwa sababu nne: ugonjwa, uzazi, msiba na jeshi. Nikageuza ukurasa nikitafuta ya tano. Hakuna. Chuo Kikuu chenye maktaba ya ghorofa tatu kinajua kwamba watu huugua, huzaa, hufa na hupigana, lakini hakuna profesa hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba watu hupendana. Nimejiuliza mlioandika kitabu hiki mlipatikanaje.

2. Sahihi. Bi Sanobar aliniambia, na nanukuu, "Kaka, wewe humu ndani huna hadhi yoyote." Mimi nina muhuri wangu wa mkate, wa misumari na kipini cha mti wa mlozi, alioniachia babu. Ninagonga mikate mia tatu kila siku, na kila anayeuma mkate mbovu anajua ni wa nani. Mihuri yenu ninyi haijulikani nani aliigonga wala kwa nini. Mkiulizwa, mnasema "ofisi." Naomba uniambie ofisi hiyo inaishi wapi, ina mke, na inampenda?

3. Alama. Hapa nazungumza kwa uchungu. Mmemweka Hulkar "chini ya uangalizi" kwa sababu alipata sitini na nane katika takwimu, na kanuni inataka sabini. Laiti mngeuliza mtihani ulikuwa lini. Ulikuwa asubuhi baada ya siku ya posa yetu, wazee wa pande mbili walipovunja mkate na neno likawa neno. Mkate ule niliuoka mimi, na nilitia maziwa, ufuta, na matumaini yangu yote. Usiku huo hakuna aliyelala katika nyumba zote mbili. Kwa hiyo kosa ni langu, na liandikwe kwa jina langu. Ninacho cheti changu cha sekondari chenye alama za kutosha katika elimu ya viungo na uchoraji. Sizitumii. Chukueni mbili mumpe, tumalizane.

4. Mnasema mwanafunzi "kamili" ni mwenye saa tisa za darasani kwa wiki. Saa tisa! Tanuri langu likisikia litapasuka. Mimi nikifanya kazi saa tisa kwa wiki, mtaa mzima utakula viazi. Halafu watu hawa wa saa tisa ndio wanaomwita mke wangu mzembe.

5. "Hadhi njema ya kitaaluma." Maneno haya yapo katika kitabu chenu mara kumi na saba, nimehesabu, na hamna mahali mlipoeleza ni kitu gani. Basi nieleze mimi. Kila asubuhi Hulkar anatoka uani, amefunika kichwa, anainama kuwasalimu wazee mmoja mmoja, shangazi zangu watano, majirani, na bibi kizee wa nyumba ya pili ambaye hakumbuki tumeoana na kila siku anampongeza upya. Halafu anamimina chai ya vikombe thelathini bila tone kuanguka. Halafu anarudi kwenye hadubini yake na majani ya ngano. Nitajie mwalimu wako mmoja anayeweza kuinama mara thelathini na bado akaandika sura ya kwanza.

Na ili usiseme kwamba huenda anatokatoka, natoa ushahidi. Juzi Jumatano Mama alisema Hulkar ana kichwa kinachomgonga, yeye mwenyewe atakaa naye chumbani, nami nisimruhusu mtu yeyote kukaribia. Nilikaa mlangoni juu ya kigoda tangu chai ya asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Niliwarudisha shangazi watatu, mmoja wao akiwa na sambusa za malenge. Walinicheka, wakaniita askari wa magodoro. Shangazi Lutfiya alisema marehemu mume wake hakumlinda hivyo hata alipokuwa na nyumonia. Nikavumilia. Kuna wakati niliinama kwenye tundu la ufunguo nikamnong'oneza Hulkar maneno ambayo sitayaandika katika barua ya ofisi. Hakujibu. Nikajua amelala, na usingizi wake niliuona mzuri hata kupitia mlango. Jioni nilikuta mkate wangu mmoja umetundikwa kwenye msumari jikoni, umeng'atwa mara moja. Kwetu hivyo hufanyiwa msafiri: anang'ata, na mkate unamngoja arudi aumalize. Nikadhani kuna ndugu ameondoka bila kuniaga, nikasikitika, lakini sikuiacha zamu yangu iingiliwe na mambo madogo.

6. Kwa hayo yote naomba, kwa heshima:

Daftari la usajili liletwe kwetu, juu ya sinia, limefunikwa kitambaa kilichotariziwa, kama zinavyoletwa zawadi za bibi harusi. Bi Sanobar anaweza kulibeba. Atapewa pilau.

Siku arobaini za chilla zihesabiwe kuwa masomo, kwa saa zote ishirini na nne, maana hakuna mwanafunzi wenu aliyewahi kukaa ndani na vitabu vyake kwa muda huo wote.

Kama hilo haliwezekani, basi chuo kizima kifungwe kila mwanafunzi wa uzamili anapooa au kuolewa, ili asitangulie mtu.

Na mwisho, kwa kuwa uangalizi mnaupenda, walimu wote ambao hawajaoa wawekwe chini yake mpaka waeleze sababu.

Hulkar asipokuwa katika daftari lenu, kutu ya ngano haitasikitika. Itashangilia. Mimi ndiye nitakayenunua unga, nanyi ndio mtakaokula.

Nategemea busara yako, ambayo sijaiona bado lakini nimeambiwa ipo. Msalimie mkeo, kama yupo. Msalimie mlinzi wa lango la chuo, aliyenionyesha njia, na paka anayelala juu ya mafaili. Hulkar anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia. Mama anamsalimu sana Bi Sanobar na anauliza goti lake linaendeleaje. Sijui habari za goti amezipata wapi.

Wako katika ukweli,
Mirkomil,
mume wa Hulkar.

Nyongeza: Mheshimiwa, kabla sijaibandika bahasha, Hulkar ameikuta barua hii kwenye gunia la unga na ameisoma. Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akaacha kucheka, akatoa katikati ya madaftari yake karatasi yenye muhuri wa ofisi yako. Ni stakabadhi ya usajili. Imeandikwa Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, na sahihi ni yake, ule mkia wa herufi ya mwisho naujua hata gizani.

Chumba nilichokilinda kina dirisha upande wa mizabibu, na mizabibu ina lango dogo la mferejini. Alitoka huko amevaa koti la Mama. Mama alimshika mkono mpaka dirisha la pili la ofisi yenu, akakaa kwenye benchi akizungumza na Bi Sanobar habari za magoti. Mkate uliong'atwa ni Mama aliyemng'atisha kabla hawajatoka, na kwa haraka ya kurudi wakasahau kuushusha. Yale maneno yangu yote ya tundu la ufunguo yalisikilizwa na magodoro mawili na mto.

Niliuliza kwa nini hawakuniambia. Hulkar alisema kwa upole kwamba ningewaambia wateja wote kabla mkate haujapoa. Ni kweli. Nikamgeukia Mama, mlinzi wa chilla, nikamuuliza amewezaje, yeye. Alikuwa anakata tambi, hakuinua macho.

"Mimi niliikaa yote arobaini, mwanangu," alisema. "Niliporudi chuo cha ualimu, jina langu halikuwepo. Nikarudi nyumbani kupika."

Miaka thelathini nimekula mkononi mwa Mama, na sikujua kwamba alikuwa na jina katika daftari lolote.

Mkate tuliushusha. Ulikuwa mgumu kama tofali. Hulkar aliuloweka katika chai, akaumalizia, akampa Mama kipande, nami makombo.

Kwa hiyo maombi yangu, la kwanza hadi la mwisho, nayafuta, isipokuwa zile alama mbili. Cheti changu nimekiambatanisha. Kitabu chenu bado kibaya. Jumatatu, tarehe ishirini na tisa, Hulkar anawasilisha sura yake ya kwanza ili atolewe chini ya uangalizi, na chilla itakuwa bado siku nane. Safari hii hatapita mizabibuni. Tutapita barabara kuu asubuhi, sote watatu, Mama akiwa mbele, na shangazi Lutfiya aseme atakalo. Ututarajie kabla mwezi huu haujakwisha. Mikate nitakuja nayo mimi.